Kizingiti Cheupe cha Bibi Nesi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatawanya waja wake juu ya ardhi na asimwache hata mmoja bila jirani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, watu wa nyumba yake na masahaba zake wote. Baada ya hayo, nataka kumweleza jirani yangu mmoja, kwa kuwa tunaomkumbuka tunapungua, na wengi waliosikia habari zake wamezisikia kombo.

Sisi tuliokaa mtaa wa Ghulail, Jidda, tulimwita Bibi Nesi. Jina lake nalijua na siliandiki, maana mwenyewe alichukia kutajwatajwa. Ukoo wake nauacha uliko. Itoshe kwamba alitoka Unguja kama walivyotoka wazee wangu, mwaka ule wa mapinduzi tuliotoka wengi. Wazee wangu walikuja huku moja kwa moja. Yeye na mumewe waliangukia Uingereza kwanza, katika mji mdogo wa viwanda vya pamba upande wa kaskazini, wakakaa huko mpaka mume alipopata kazi bandarini Jidda. Mji huo aliuita "mjini kwangu." Wageni walidhani anasema Unguja, wakaanza kumsikitikia kwa kuikosa bahari, naye akawaambia kwamba mjini kwake hapakuwa na bahari, palikuwa na mfereji wa maji meusi, na watu walijitupa humo.

Ndivyo alivyokuwa akiusimulia mji wake, kwa damu na vifo, na mara nyingi tukiwa tunakula. Alikuwa nesi katika hospitali ya pale, na hospitali ile ililishwa na viwanda. Vidole vililetwa vimefungwa kwenye leso. Msichana mmoja nywele zake zilinaswa na mkanda wa mashine, akaletwa bila ngozi ya kichwa, na mwenzake akija nyuma ameibeba ngozi hiyo ndani ya kofia. Bibi Nesi angefika hapo akachukua kipande cha mkate, akachovya mchuzi, akaendelea. Mke wangu aliacha kumwalika chakula cha jioni, kisha akaanza tena, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno bila yeye.

Lakini aliupenda mji ule, na hilo hakulificha. Alinieleza kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupita alfajiri na fito ndefu, akigonga madirisha ya ghorofani ili wafanyakazi wasichelewe kiwandani. Mara ya kwanza alipomsikia alimwamsha mumewe waende kula daku, na haukuwa mwezi wa Ramadhani. Alinieleza pia kwamba akifa mtu katika mtaa wao, kila nyumba ilifunga mapazia ya mbele mchana kweupe, hata nyumba iliyokuwa na ugomvi na marehemu. Na katika majira ya joto viwanda vyote vilifungwa wiki moja, mji mzima ukahamia pwani kupumzika. "Hata wezi walikwenda," alisema. "Ukitaka kuibiwa wiki hiyo, ilibidi uwafuate huko huko."

Desturi aliyokuja nayo Ghulail ni ya kizingiti. Wanawake wa mtaa wake wa kule kila mwisho wa wiki walipiga magoti nje, wakasugua kipandio cha mlango kwa maji na brashi, kisha wakakipaka ukingo kwa jiwe laini mpaka ukawa mweupe. Mwanamke ambaye kipandio chake kilikuwa kichafu alisemwa. Bibi Nesi alifanya hivyo hivyo hapa kila Ijumaa asubuhi, katika kichochoro ambacho maji machafu yalipita katikati na mbuzi walilala popote. Jiwe lile halikupatikana Jidda, akawa anaomba vipande vya jasi kwa mafundi wa dari. Majirani walimcheka, wakisema anaupaka mlango wanja. Aliwajibu kwamba mlango wake angalau una macho.

Sasa niseme habari ya marehemu mumewe, maana bila hiyo hayo yaliyofuata hayaeleweki. Jumamosi moja jioni, kule mjini kwake, vijana waliotoka kulewa walimkuta anafungua mlango wa nyumba yake. Walimwita majina ambayo Bibi Nesi hakuwahi kunitamkia. Walimpiga kwa mnyororo wa baiskeli wakamvunja taya, na alipoanguka walimkanyaga mikono. Tofali likapita dirishani. Bibi Nesi aliwatokea na chuma cha kuchokolea moto akamvunja mmoja kigasha, ndipo wakakimbia. Alimpeleka mumewe hospitalini kwake na kumshona mwenyewe.

Asubuhi yake, siku ya Jumapili, alirudi nyumbani akamkuta jirani yake, mama mjane wa Kiingereza, amepiga magoti kwenye baridi, anasugua damu kwenye kipandio. Katika mtaa ule hakuna mwanamke aliyesugua kipandio Jumapili. Ilikuwa aibu. Bibi Nesi aliona huruma ile akalia, wakakumbatiana. Polisi walipokuja wakaona mlango safi, kipandio cheupe na dirisha lililokwishazibwa kwa ubao. Wakauliza mlango kwa mlango, na hakuna aliyeona kitu. Yule mjane naye hakuona. Bibi Nesi alipomwuliza kwa nini, alimwambia, "Hatutaki mtaa wetu usemwe, mpenzi."

Hadithi hiyo alinisimulia mara nyingi, na kila mara ilikuwa na mwisho tofauti. Siku nyingine mjane alikuwa kama mama yake mzazi, aliyempikia na kumfundisha kupasha moto nyumba kwa makaa kidogo. Siku nyingine alikuwa mwanamke aliyechukua haki ya mumewe akaimwaga mtaroni na maji ya sabuni. Nilimshauri achague moja apumzike. Akasema wote wawili ni mtu mmoja, na yeye hakuwahi kupewa nafasi ya kumchagua nusu.

Hakuwa mtu mpole. Alikuwa akitibu watu chumbani kwake, wale walioogopa hospitali kwa kuwa ikama zao, yaani vibali vya kuishi, zilikuwa zimekwisha, na hakumtoza mtu. Lakini alikuwa na ukali wa kutisha. Jirani yetu mmoja alikuwa na tabia ya kumpiga mkewe, na Bibi Nesi alikuwa amemshona mke huyo nyusi. Baadaye mume akaja na jipu kwapani. Alimpasua taratibu kupita haja, na kila alipolia mtu yule, alimwuliza, "Na yeye alipolia, uliacha?" Nilimwambia kwamba kuadhibu si kazi ya tabibu. Akanijibu kuwa hakumwadhibu, alimpa darasa, na mimi niliyekuwa nikisomesha watoto Kurani chumba cha pili nilipaswa kujua tofauti. Yule bwana hakumpiga mkewe tena, au hakumpiga tukasikia. Mungu ndiye ajuaye.

Kisha ikaja ile miaka ambayo mawakala walileta wasichana kutoka Kenya ndege nzima nzima, kufanya kazi za ndani Riyadh na Jidda. Wengi walipata nyumba za watu wenye kumcha Mungu, nami nashukuru kuwa nimewajua watu hao. Wengine walipata nyumba nyingine. Hao wa nyumba nyingine walianza kufika Ghulail, kwa kuwa madereva wa teksi walijua ndiko waliko Waafrika. Walikuja na alama ya pasi mgongoni, na meno yaliyovunjwa, na mmoja alikuja na mguu uliovunjika kwa kuruka kutoka ghorofani, akitambaa. Bibi Nesi aliwapokea wote. Kumhifadhi mfanyakazi aliyetoroka ni kosa la kufukuzwa nchini, na sote tulilijua hilo. Alifunga mapazia yake ya mbele akaendelea.

Aliyebadilisha mambo alikuwa msichana Mkristo kutoka magharibi ya Kenya. Nitamwita Nekesa. Alikuwa akifanya kazi katika jumba moja la mtaa wa Al-Malqa, Riyadh. Wakati wa likizo ya shule familia ile ilikuja Jidda, ikapanga fleti karibu na bahari. Mtoto wa madam alilia, chakula kikachelewa, na madam akammwagia Nekesa mafuta ya kukaangia mgongoni. Mtoto wa kiume mkubwa, kijana wa kuoa, akampiga teke la sikio alipokuwa chini. Alipotumwa kutupa taka, hakurudi.

Nilimwona siku aliyoletwa. Nguo ilikuwa imegandana na ngozi. Bibi Nesi aliikata kidogo kidogo kwa mkasi, akizungumza naye habari za mvua na baridi ya mjini kwake ili akili yake isafiri. Nekesa alikuwa akirudia neno moja tu: "Please, Bibi, usinirudishe kwa hao watu. Afadhali nifie hapa." Bibi Nesi akamwambia kwamba kufa pale hakuruhusiwi, shuka zilikuwa mpya. Jioni msichana akasali kwa namna ya dini yake, ukingoni mwa kitanda, na wanawake waliokuja kumwangalia walipoendelea kusema kwa sauti, Bibi Nesi aliwanyamazisha, "Mgonjwa anasali."

Basi kulikuwa na dalali, mtu wa lugha yetu, nasikitika kusema, aliyekuwa akiwakodisha wasichana waliotoroka kwenye nyumba za watu kwa mwezi mwezi. Alifika akasimama mlangoni, akasema, "Bibi, hiyo ni mali unaifungia ndani bure."

"Mali ya nani?"

"Ya atakayeitumia."

Bibi Nesi alikuwa anapika maharage. Alimpiga kwa kifuniko cha jiko la presha katikati ya kipaji cha uso, na dalali akaondoka amejaa damu, akiapa. Kiapo chake alikitimiza. Alimtafuta kafili wa Nekesa, yaani mwajiri anayeshika karatasi zake, akamwambia binti yuko wapi.

Ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka kusali. Tulisikia kelele kutoka kichochoroni kwetu, tukakimbia. Yule kijana wa Al-Malqa alikuwa ameupiga mlango mateke mpaka bawaba zikatoka, dalali akiwa nyuma yake. Bibi Nesi alisimama juu ya kizingiti, mikono ameitanua, ameshika miimo yote miwili. Kijana alimwambia asogee. Akamwambia tena. Kisha akampiga ngumi ya uso, na ndani ya ngumi hiyo kulikuwa na funguo za gari.

Aliangukia pale pale mlangoni. Damu ilimtoka jichoni ikashuka kwenye ule ukingo alioupaka asubuhi, nami mpaka leo sijaona damu iliyokuwa nyekundu kama ile.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya. Vijana wa mtaa, Wahausa, Wasudani na wa kwetu, walimwangukia yule mtoto wa watu. Walimburuta kwa kola ya kanzu wakampiga kwa viatu, kwa mawe, kwa kiti cha muuza chai. Dalali alikimbia, wakamkamata penye kona na kumtoa meno ya mbele. Nilimlalia yule kijana kwa mwili wangu, mimi na muadhini, ili asifie mikononi mwetu, na teke moja lililokusudiwa yeye lilinivunja ubavu. Nikamsikia Bibi Nesi kutoka mlangoni, sauti yake ile ya wodini: "Mwacheni! Maiti hanifai kitu mimi. Namtaka mzima, baba yake aje amchukue."

Wakaacha. Mke wangu, kwa adabu tuliyolelewa nayo, alikwishaleta ndoo na brashi aondoe damu kabla wageni hawajafika. Bibi Nesi alikuwa amekaa sakafuni, kanga imemganda usoni. Aliipindua ndoo ile kwa mguu, maji yakaenda mtaroni.

"Pasiguswe hapa," alisema.

Akakataa pia kwenda hospitali. Yeye, aliyewahi kumchapa mtu kofi kwa kuchelewesha kidonda siku moja, alikaa na jicho lililopasuka kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, akimngoja kafili. Nilimsihi. Mke wangu alilia. Nekesa alipiga magoti mbele yake akasema atatoka mwenyewe, wamchukue, yaishe. Bibi Nesi akamwambia akae kitandani, dawa ya mgongo haijakauka.

Kafili, mzee wa Al-Malqa, baba yake yule kijana, alifika na askari. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na tasbihi mkononi, aliyeambiwa anakwenda kuchukua mtumishi mtoro. Alimwona mwanawe amekaa ukutani uso umevimba, akaghadhibika, akapandisha kanzu aingie ndani. Kisha akatazama chini. Ili aingie ilimpasa aikanyage damu ya mwanamke wa umri wa mama yake, na mwanamke mwenyewe amekaa kando yake.

Bibi Nesi akamwambia kwa Kiarabu, bila kupaza sauti, "Pita, baba. Mwanao amekutandikia zulia."

Hakupita. Askari naye hakupita. Watu wa Ijumaa walikuwa wamejaa kichochoro. Bibi Nesi akamwita Nekesa aje mlangoni, akamgeuza, akashusha kanga mabegani ili mzee auone mgongo. Mzee aliutazama akasema, "Halas, halas," yaani basi, basi, kama mtu anayeomba binti afunikwe.

Askari akaeleza kwamba kwa jicho lile Bibi Nesi ana haki ya kushitaki, na kijana atafungwa, au wapatane kwa fidia. Mzee akataja fidia. Bibi Nesi akasema fidia hataki, na kifungo hakitaki, anasamehe jicho. Anachotaka ni Nekesa apewe pasi yake ya kusafiria, kibali cha kutoka, tiketi na mishahara yote, arudi kwao. Mzee alikubali mbele ya watu wote. Ndipo Bibi Nesi akaniambia, "Haya, Mwalimu, tafuta gari. Linaanza kuuma." Jicho halikuokolewa.

Damu ile aliiacha pale. Alijua kwamba ahadi ya Jidda huweza kupoa ikifika Riyadh, na akasema kila atakayeleta karatasi ya Nekesa ataikanyaga damu hiyo. Nzi walikuja. Wanawake walinung'unika. Nilimkumbusha kwamba damu ni najisi na mtu hutakiwa kuisafisha. Akasema, "Nitasali ndani, Mwalimu. Kizingiti hakisali." Dereva wa yule mzee alikuja na pasi, akasimama mbali akainyoosha kwa ncha za vidole. Akaja na kibali, ikawa vilevile. Nekesa alipopanda ndege kwenda kwao, Bibi Nesi hakusafisha. Alisafisha siku Nekesa alipopiga simu kutoka kwao, na kuku wakasikika nyuma yake. Siku hiyo alisugua mpaka magoti yakachubuka, akakataa kusaidiwa.

Nilimwuliza baadaye kama alimkumbuka yule mjane. Akasema alimkumbuka kila brashi ilipogusa jiwe, akamwombea, na hakuniambia alimwombea nini.

Miaka michache baada ya hapo jicho lake la pili likaingia ukungu kwa sababu ya sukari. Mpwa wake aliyekuwa akikaa Al-Murabba, Riyadh, alimtafutia kliniki, nami nikamsindikiza, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa bado una uwezo, namshukuru Mola. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukingoja kuitwa. Alikuwa akilalamikia kiyoyozi, akisema hata mjini kwake hawakuwa wakiwatesa wagonjwa hivyo, pale mwanamke mmoja wa abaya nyeusi, aliyekuwa akisukuma kiti cha magurudumu chenye bibi kizee wa Kisaudi, aliposimama ghafla mbele yetu.

"Bibi Nesi," alisema.

Alikuwa Nekesa. Msichana aliyenunuliwa safari ya kurudi kwao kwa jicho la mtu alikuwa amerudi Riyadh, amevaa kitambulisho cha wakala mwingine shingoni.

Bibi Nesi aliijua sauti. Akauliza, "Umekuja kufanya nini huku?"

"Kazi, Bibi."

"Kwenu hakuna kazi?"

"Iko. Kazi ya kuangalia wengine wakijenga."

Bibi Nesi alicheka, na ndipo Nekesa akaanza kulia. Akachuchumaa mbele ya benchi akasema alitaka kupiga simu kueleza lakini alishindwa, akijua jicho lile lilitolewa kwa ajili yake, naye amelifanya bure. Akaomba msamaha.

"Nikusamehe nini?" Bibi Nesi alisema. "Jicho lilikuwa langu, nimelitumia. Lete mikono."

Akamkunja mikono ya abaya, akaanza kupapasa. Hakuweza kuona tena, basi vidole vyake vilikwenda polepole kutoka viganja mpaka viwiko, mpaka mabega, vikisimama penye kila uvimbe. Penye kovu dogo alisimama muda mrefu. Nekesa akasema ni la mwiko wa ugali, la nyumbani, la zamani. Vidole vikaendelea. Mimi nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, na nilikuwa nikiogopa.

Yule bibi kizee kwenye kiti akauliza kwa Kiarabu huyu ni nani. Nekesa akamjibu kuwa ni mama yake. Kizee akafurahi. Nadhani aliona vile vidole akadhani ni tabibu wa kienyeji anayesoma maradhi, maana na yeye akainyoosha mikono yake, iliyokonda, yenye mishipa ya buluu na pete zilizolegea, akaiweka juu ya mapaja ya Bibi Nesi.

Bibi Nesi akaishika. Akaipima uzito, akaikunja kiganja, akaibana vifundo kimoja baada ya kingine, kama mtu anayechagua kitu sokoni. Kisha akamgeukia Nekesa akamwambia kwa Kiswahili:

"Hii haina nguvu ya kumpiga mtu. Kaa naye huyu."

Nawe uliyekuwa na subira nami mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuepushe na mkono wa mwenye nguvu, na akuepushe wewe usiwe mkono huo juu ya mwenzio. Amina.